Barua ya wazi kwa wadogo zangu mnaokana watoto

Wadogo zangu, salamu. Hili jambo limenikaba kooni wiki nzima, bora niliseme.

Juzi kwenye grupu la ukoo mmoja wenu kaandika saa tano usiku, "kuanzia leo huyu si mwanangu, asije hata kunizika", halafu akamtoa kijana kwenye grupu. Chini yake watu wazima wazima wanatuma vimikono vya kuomba, wengine "pole kaka". Hakuna aliyeuliza kijana kafanya nini. Mama yake nilimwona anaandika, anaandika, anaacha, anaandika tena, mwisho hakutuma kitu. Mimi hapo ndo paliponiuma.

Hivi maana ya kukana mnaijua? Kukana si kukemea, wala si kumnyima mtu hela. Kukana ni kusema simjui, na huo ni uongo maana hakuna unayemjua kama huyo. Hata Petro alipokuwa anakana pale uani, watu walimwambia usemi wako wenyewe unakutambulisha. Sasa wewe unamkana kijana anayetembea kama wewe, anakohoa kama wewe, na huo ukaidi unaoulalamikia kautoa wapi kama si kwako?

Halafu msidhani ukishatangaza basi yameisha. Mirathi ya Kiislamu mafungu yamepangwa, hasira za baba hazimtoi mtoto. Ufaransa nako mwenye mtoto mmoja hata aandike wosia vipi, kwa kawaida nusu ya mali huyo mtoto ana haki nayo. Kwa hiyo mlichokata ni simu tu.

Sijasema mvumilie kila kitu jamani. Anayekupiga mfungie mlango. Anayeiba mripoti. Madeni yake usilipe. Ila mtoto akikunyea mkono huukati, unanawa, haya tuliambiwa tangu wadogo sijui mmeyasahau wapi.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nilishamtupa ndugu yangu jongoo na mti wake. Miaka tisa, ukinitajia jina lake nabadilisha stori. Siku moja napigiwa simu njoo hospitali, nesi kanipa fomu, nimejaza jina, nimejaza namba, nikafika palipoandikwa "uhusiano na mgonjwa" kalamu ikagoma. Nesi akadhani sijui kusoma, akaninong'oneza kwa upole kabisa, "mzee, hapo andika wewe ni nani wake". Nikaandika kaka, mkono unatetemeka.

Na sisi wengine tuliobaki kwenye grupu tuna letu, tunapenda sana kutazama. Mtu anachoma nyumba yake sisi tunatuma vimikono! Hata mimi usiku ule nilisoma nikazima data nikalala, kwa hilo mnisamehe.

Wewe uliyemtoa kijana, admini bado ni wewe. Kama umefuta namba yake mimi ninayo, nipigie muda wowote, hata hiyo saa tano ya usiku.