Orodha za safari za anga zinairuka Tunguu

Mhariri,

Kila ikifika Aprili 12 au Julai 20, magazeti yetu hutoa orodha ileile: Gagarin 1961, Tereshkova 1963, Leonov kutoka nje ya chombo 1965, Armstrong na Aldrin Mwezini 1969. Tarehe ni sahihi. Kasoro ni kwamba msomaji anabaki akiamini kila kitu kilitokea Baikonur, Florida au Mwezini. Na mwandishi akiikumbuka Afrika Mashariki, mara nyingi anachanganya mambo: anaandika kwamba Wamarekani walirusha roketi kutoka Zanzibar. Hawakurusha hata moja. Setilaiti zilirushwa Kenya, kutoka kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, baharini Ngomeni upande wa Malindi, tisa kwa jumla kati ya 1967 na 1988, na hakuna iliyobeba mtu. Unguja Wamarekani walikuwa na kituo cha redio tu, huko Tunguu, na kazi yake ilikuwa kumsikiliza mwanaanga na kuzungumza naye.

Unguja ilichaguliwa kwa hesabu. Vyombo vya Mercury, mpango wa kwanza wa Wamarekani wa kupeleka watu angani, vilizunguka kwenye urefu wa kilomita 160 hadi 260, kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Redio ya UHF hufika pale tu antena na chombo vinapoonana, na kwa kuwa dunia ni mviringo, antena ya ardhini hukipata chombo cha urefu huo kwa kilomita 1,500 hivi kila upande. Kikipita utosini unacho kwa dakika sita au saba. Kikipita pembeni, pengine tatu. Baada ya hapo kimezama nyuma ya upeo, na hata uongeze nguvu ya mtambo namna gani, hukipati. Setilaiti za kupokezana mawasiliano hazikuwepo. Njia pekee ilikuwa kupanga vituo kuizunguka dunia, ili mwanaanga, kadiri ilivyowezekana, asikae zaidi ya dakika kumi hivi bila mtu wa kumsikia. Vilikuwa 18, viwili kati yake vikiwa meli. Ukirushwa kutoka Florida kuelekea mashariki, njia inapita Bermuda, visiwa vya Kanari, Kano nchini Nigeria, halafu Unguja, halafu meli katika Bahari ya Hindi, ndipo Australia. Kano hadi Unguja ni mwendo wa chini ya dakika tisa.

Warusi walikuwa na tatizo hilohilo, tena kubwa zaidi, kwa sababu vituo vyao vya nchi kavu vilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti tu. Injini ya kupunguza mwendo ilipojiwasha, Gagarin alikuwa karibu na pwani ya Angola, na wasikilizaji walikuwa ndani ya meli zilizowekwa upande wa Ghuba ya Guinea. Injini ilipozimika, sehemu ya mitambo ilitakiwa iachane na kibumba alichokaa. Haikuachana. Fungu la nyaya liliendelea kuvishikanisha, vikazunguka ovyo kwa kama dakika kumi juu ya bara letu hadi joto la kuingia kwenye hewa lilipozikata. Hilo halimo kwenye orodha zetu, wala halimo kwamba alitua kwa mwavuli wake mwenyewe baada ya kurushwa nje ya kibumba kwenye urefu wa kilomita saba. (Moscow yenyewe ililificha hili la mwavuli kwa miaka, kwa kuwa kanuni za rekodi zilitaka rubani atue na chombo chake.)

Turudi Tunguu. Kituo hakikuwa na rada. Kilikuwa na antena za telemetria (vipimo vya chombo vinavyotumwa kwa redio) na za sauti, na watu watatu mbele ya mitambo: wa kuzungumza na mwanaanga, wa kuangalia hali ya chombo, na daktari. Kabla ya kila pito walipokea kwa teleprinta, kutoka kwenye kompyuta za Goddard, kituo cha shirika la anga la Marekani huko Maryland, muda na upande ambao chombo kingechomoza. Wakaelekeza antena kaskazini-magharibi. Kikichomoza, akrabu za saa za vipimo zinaanza kucheza: oksijeni, joto la chumba, umeme, mapigo ya moyo. Wanasoma, wanaandika muhtasari, wanautuma Marekani kwa teleprinta kabla kituo kinachofuata hakijampata. Shida ilikuwa kwamba kila mzunguko njia husogea magharibi kwa nyuzi kama 22, maana dunia nayo inageuka. Kituo kilichompata vizuri katika mzunguko wa kwanza humpata ukingoni katika wa pili.

Februari 20, 1962 John Glenn aliruka na Friendship 7, saa 11:47 jioni kwa saa zetu. Alipofika anga ya Zanzibar, karibu nusu saa baadaye, jua lilikuwa halijazama bado na ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Watu wanangoja futari. Huku juu Glenn alikuwa anavuta kamba ya mpira iliyofungwa chini ya dashibodi, mara moja kila sekunde kwa sekunde 30, ili madaktari waone moyo wake unafanyaje bila uzito. Mapigo yalipanda kutoka 80 hadi 124, kisha yakashuka. Leo linaonekana dogo. Wakati ule wapo madaktari waliohofia kwamba moyo ungeshindwa kufanya kazi huko, na sokwe aitwaye Enos alitangulizwa Novemba 1961, akapita njia hiyohiyo.

Katika mzunguko wa pili ikaja ishara ya kipimo kilichoitwa Segment 51, maana yake ngao ya kukinga chombo na joto la kushuka imelegea. Vituo viliagizwa vichunge kipimo hicho na Glenn akaulizwa swichi ya mfuko wa kupunguza kishindo cha kutua, uliokuwa nyuma ya ngao hiyo, imewekwa upande gani, bila kuelezwa kwa nini. Uamuzi ukawa asizitupe roketi za breki, zilizofungwa juu ya ngao, baada ya kuziwasha, ili mikanda yake mitatu iishikilie ngao. Ziliungua wakati wa kushuka, vipande vikiwaka mbele ya dirisha. Alitua salama baada ya saa 4 na dakika 55. Uchunguzi ukaonyesha ngao haikuwa na kasoro yoyote. Swichi ya kipimo ndiyo iliyokuwa mbovu. Kwa maoni yangu hili linafaa kuandikwa kuliko picha ya roketi inayopaa, kwa sababu linaonyesha kazi halisi ya vituo: kusoma namba na kujua ni lini namba inadanganya.

Jambo jingine lisiachwe. Zanzibar kituo hakikupokewa kwa shangwe. Wapo wanasiasa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliosema ni kambi ya makombora na wakaandamana. Mitambo ya Tunguu haikuwa na uwezo wa kurusha kitu. Lakini kisiwa kilikuwa chini ya Uingereza, makubaliano yalifanywa kati ya London na Washington mwaka 1960, na kwa hali hiyo sioni ajabu watu kutoamini. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, Rais Karume aliagiza kiondolewe. Madagascar ikachukua zamu, na safari za Gemini, mpango uliofuata Mercury, zilisikilizwa kutoka karibu na Antananarivo.

Mkitayarisha orodha ya Aprili ijayo, mstari mmoja unatosha: 1961 hadi 1964, Tunguu, Unguja, kituo cha mawasiliano cha Mercury. Na mkifika 1983 wekeni TDRS-1, setilaiti ya kupokezana mawasiliano iliyobebwa na chombo cha Wamarekani Challenger hadi obiti ya chini, ikaishia kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kutoka huko huonekana karibu nusu ya dunia kwa mkupuo, ndiyo maana vituo vingi vya aina ya Tunguu vilifungwa.

Msomaji wenu,
Unguja