Tusivipake viko vya mpingo mafuta ya nazi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeshauri kwamba kiko cha mbao cha kuvutia tumbaku kipakwe mafuta ya nazi, kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa kabatini. Najua aliandika kwa nia njema, lakini kwa kufanya hivyo hivyo nilikiharibu kiko cha marehemu babu yangu, na nisingependa wenzangu wa Mtwara na Lindi wapate hasara kama hiyo.

Kiko hicho kilichongwa kwa mpingo huko Newala, na babu alizoea kukitundika ukutani penye upepo, bakuli, yaani sehemu ya kutilia tumbaku, likitazama chini. Alipofariki nilikichukua, nikaja nacho hapa Mtwara mjini, nikakipaka mafuta mpaka kikang'aa na kukifunga kwenye nailoni kabla mvua hazijaanza. Nilipokifungua mwezi Mei, mafuta yalikuwa yamechacha na kunata vidoleni, ukungu umetanda ndani ya bakuli, na mrija umekwama. Nikakosea tena kwa kukianika juani, na jioni nikakuta ufa mwembamba kama uzi umeshuka kutoka ukingoni mwa bakuli hadi shingoni.

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, lakini nao hutanuka kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu kama mti mwingine wowote. Tena, kwa kuwa hukauka polepole mno, ukiuanika ghafla sehemu ya nje husinyaa ilhali ya ndani bado imevimba, na hapo ndipo unapopasuka. Mafuta ya nazi nayo hayakauki, bali hubaki juu ya mti yakinasa vumbi; heri nta ya nyuki, kidogo sana, kwa nje tu.

Sivuti tumbaku wala simhimizi mtu kuivuta, ila mwenye kiko kinachotumika akiache kipoe kabisa kabla ya kuchomoa mrija, apitishe unyoya mkavu wa kuku ndani yake, kisha akipumzishe walau siku nzima. Masizi ya ndani ya bakuli yapunguzwe yakizidi unene wa sarafu, yasikwanguliwe yote, kwa kuwa ndiyo yanayoukinga mti na moto. Viko vya Ulaya, ambavyo aghalabu huchongwa kutokana na kifundo cha mzizi wa mti uitwao Erica arborea, navyo vikae mbali na dirisha, maana mirija yake ya mpira mgumu ikipigwa na jua hupoteza weusi na kuwa ya kijani kibichi chenye ukahawia.

Aliyekwisha kukipaka chake mafuta asikianike. Akipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba, akitoe kwenye nailoni na kukiacha kivulini penye upepo kwa majuma kadhaa.

Msomaji wako,
Mtwara