Orodha ya wasiomudu KKK iongezwe safu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme habari ya orodha moja. Kila mwaka walimu wakuu huku kwetu Tandahimba huandika majina ya wanafunzi wasiomudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuyapeleka wilayani. Mwanangu sasa yuko darasa la nne, na jina lake halijatoka kwenye orodha hiyo tangu alipokuwa la pili.

Huko darasa la pili alirudi nyumbani siku moja na daftari lina wino mwekundu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa amewasomea imla: “Baba amebeba debe.” Yeye kaandika, “Dada amededa bebe.” Chini yake mwalimu akaweka: “Mzembe. Rudia mara 20.” Mtoto alirudia kweli, zote 20, lakini nilipohesabu nikakuta baba yuko mara 11 na dada mara 9. Mimi nilicheka kwanza, halafu nikashika fimbo. Nayaandika haya kwa aibu.

Fimbo haikuleta kitu. Akarudishwa, akakariri darasa. Bibi yake akashauri apelekwe jandoni, akitoka huko akili itakuwa imefunguka. Alikwenda likizo ya mwezi wa sita, akarudi na nyimbo zote kichwani neno kwa neno, na b na d zake zikiwa vilevile.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi. Msimu uliopita wa korosho alikuja ghalani kunisubiri, akakaa juu ya magunia. Nilipima magunia 7 ya mzee mmoja, kila moja na kilo zake, na kabla sijagusa kikokotoo mtoto kataja jumla. Nikabonyeza. Ikawa ileile. Yule mzee akaniuliza, “Ndiye huyu unayesema hana akili?”

Jina la tatizo nililipata kwa mwalimu wa mazoezi, binti aliyekuwa akisomea elimu maalumu. Linaitwa disleksia. Alinieleza kwamba macho ya mtoto ni mazima na akili yake ni nzima. Kinachomshinda ni kuzikamata sauti zilizomo ndani ya neno na kuzioanisha na herufi. Tena alisema mara nyingi jambo hili hutembea kwenye ukoo. Hapo nikamkumbuka mdogo wangu aliyeacha shule darasa la tano. Leo ni fundi pikipiki anayeitwa mpaka Newala, na ujumbe wake wote wa WhatsApp ni wa sauti. Hajawahi kuniandikia hata “sawa”.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 ambaye hesabu hazikumpa tabu, ila kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, kijana yule angewazidi wote shuleni. Niliposomewa habari hiyo nilidhani wanamsema wa kwangu.

Wapo wanaodai Kiswahili hakina shida hiyo kwa kuwa kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mimi naona ndiyo maana kinaificha. Mtoto wa namna hii silabi mwishowe anazipata, ila polepole mno, kila neno kama analiona leo; akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Halafu anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo herufi moja ina sauti tatu, nasi tunashangaa mtoto katoroka shule.

Yule binti alimtoa mwanangu nje chini ya mwembe, akafagia mchanga. Wiki mbili nzima hakumwonyesha d kabisa. Alimchorea b peke yake, kubwa kama sahani; mtoto anaifuata kwa kidole huku anaitamka, anaifuta, anaanza tena. Ilipokaa ndipo akamletea d. Haikutumika hata shilingi. Kumbe kufundisha kusoma kwa mkono, jicho, sikio na mdomo kwa pamoja kulikuwa kukitumika Marekani miaka ya 1930, na mchanga tunao sisi.

Sasa narudi kwenye orodha. Ndani yake yumo mtoto aliyekosa shule miezi miwili akiokota korosho. Yumo asiyesikia vizuri, yumo anayehitaji miwani, yumo anayekuja na njaa, na yumo wa kwangu. Wote wameandikwa “hajui kusoma”, na wote wanapewa dawa moja: masomo ya ziada jioni, ba be bi bo bu ileile iliyoshindikana asubuhi. Wa korosho atapona nayo. Wa kwangu ameinywa miaka mitatu.

Ninachoiomba halmashauri ni safu moja zaidi kwenye ile fomu: kwa nini. Ili ijazwe kwa haki, afisa elimu maalumu apewe mafuta ya pikipiki, afike shuleni, akae na mtoto mmojammoja. Simtwishi mwalimu wa darasa mzigo huo. Ana watoto zaidi ya 90 na hili hakufundishwa. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Najua Arusha na Tandahimba ni mbali, lakini kila kata ikipata hata mmoja, wengine watajifunza kwake palepale mchangani.

Na mtihani je? Mtahiniwa mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza, na ni haki yake. Nilipouliza shuleni wangu aombewe nini, nikajibiwa kwamba ulemavu wake hauonekani.

Mwalimu wa mazoezi amemaliza wiki zake na kurudi chuoni. Orodha ya mwaka huu nasikia imeshapelekwa wilayani.

Mzazi,
Tandahimba, Mtwara