Kabla ya kununua betri nyingine, pima

Mhariri,

Safu yenu ya ushauri wa ufundi ilimjibu msomaji mwenye mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, ambayo siku ya kazi huwaka bila shida, lakini ikikaa wiki moja stata haigeuki kabisa. Mlimwambia betri imechoka, anunue mpya. Kazi yangu ni kutengeneza mashine hizo, na betri mpya zilizokufa kwa ushauri wa namna hiyo zimejaa karakana yangu.

Msomaji huyo aliwapa dalili nzuri, mkaipita. Mashine inayokosa chaji huishiwa nguvu katikati ya kazi, au hukataa kuwaka tena ukiizima mara mbili tatu. Inayokufa ikiwa imeegeshwa, tena kila mara, kuna kitu kinainyonya wakati ufunguo umezimwa. Mnyonyaji huyo atainyonya betri mpya vilevile.

Kumsaka ni kazi ya mita ya kawaida ya kupimia umeme. Zima ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri, kisha weka mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Tafadhali usiguse ufunguo wakati huo: stata huvuta ampea nyingi kupita uwezo wa mita, na fyuzi yake itakatika hapo hapo. Kwenye mashine isiyo na hitilafu mita isome sifuri, au miliampea chache tu kama ina saa ya kuhesabu muda wa kazi. Ikisoma miliampea 100, ambazo wengi huziona si kitu, betri inapoteza ampea-saa 2.4 kila siku (ampea-saa ni kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri). Betri nyingi za mashine hizi ni ndogo. Yenye ampea-saa 28 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu kwa wiki moja, na hadithi ya msomaji wenu imekamilika.

Mita ikiwa bado mahali pake, chomoa soketi ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji iendayo kwenye betri. Naanzia hapo kwa sababu ndiko ninakomkuta mwizi mara nyingi. Koili zilizo chini ya gurudumu zito la injini huzalisha mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara. Dayodi za regyuleta huunyoosha na kuuruhusu uende upande mmoja tu, kwenye betri. Dayodi ikiungua, njia inabaki wazi pande zote mbili, na usiku umeme wa betri unarudi kinyumenyume hadi kwenye bodi ya injini. Nimewahi kuigusa regyuleta asubuhi nikaikuta vuguvugu, na mashine ilizimwa jana yake jioni. Ukichomoa soketi na namba ikaanguka, umempata. Isipoanguka, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine, kisha taa, kisha swichi ya ufunguo yenyewe, maana ikilika ndani huweza kupitisha umeme hata ikiwa imezimwa. Na futa juu ya betri: vumbi na unyevu wa asidi kati ya vichwa viwili ni njia ya umeme pia, na hiyo mita yako haitaiona.

Upande wa chaji sitauchosha ukurasa wenu. Injini ikiwa kasi ya juu, si kwenye mngurumo wa polepole, vichwa vya betri visome kati ya volti 13.5 na 14.5. Namba ikibaki ile ile iliyokuwapo kabla ya kuwasha, tazama kwanza boliti zinazofunga regyuleta. Regyuleta nyingi hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi upande wa hasi wa betri, kupitia kasha lake, na kutu au rangi chini yake inatosha kuizuia kufanya kazi.

Nimesikia pia watu wakishauriana kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma, eti injini isipozima basi chaji ni nzima. Injini nyingi za mashine hizi hujitengenezea cheche zenyewe bila betri, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi lolote. Linachoweza kufanya ni kurusha volti juu ghafla na kuiua regyuleta iliyokuwa nzima.

Msomaji wenu akishaziba uvujaji huo wa umeme, aijaze betri yake ya sasa kwa chaja, aiache usiku kucha bila kuunganishwa na chochote, kisha aipime. Ikisoma volti 12.6, airudishe kazini. Ikishindwa hata kufika 12.4, betri hiyo imeumizwa na kuishiwa chaji mara kwa mara, na hapo ushauri wenu wa kununua mpya utamfaa.

Fundi wa mashine ndogo,
Msomaji wenu wa kila wiki