Umekodi Ndege Nzima, na Bado Tunapima Begi Lako

"Nimelipia ndege nzima, mnanipimia begi la nini?" Msimu wa watalii wa Maasai Mara ukianza hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, swali hili halikosi, na huja na hasira.

King Air B200, ndege ndogo ya injini mbili tunayowarushia, isiruke ikizidi kilo 5,670. Pamoja na marubani wawili na vifaa vyake inakaribia kilo 3,800. Ukijaza matangi, ongeza 1,650. Zinabaki kama 220, yaani watu wawili wakubwa na mikoba yao, hata viti vikiwa wazi. Watu saba wakipanda, ni lazima mafuta yapungue. Kilo 100 za mabegi mlizoficha ni lita 125 za mafuta ambayo yangepaswa kubaki chini: dakika 20 hivi za kuzunguka angani mvua ikifunga uwanja.

"Lakini ina injini mbili." Moja ikizima, nguvu hupungua nusu, uwezo wa kupanda hupungua zaidi ya robo tatu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki huishia kuishikilia ndege isishuke. Wilson iko futi 5,500 na kitu juu ya bahari. Saa saba mchana hewa imepata joto na kuwa nyepesi, na injini, propela na mabawa vyote hudhoofika kwa pamoja. Ndiyo maana tunawang'ang'aniza mfike alfajiri.

Begi la siri kwa kawaida hutupwa nyuma kabisa, na huko ndiko kubaya zaidi. Uzito ukirudi mkiani, usukani wa mkia hupungukiwa nguvu ya kuizuia ndege isipinde kuelekea injini iliyokufa. Chini ya kilomita 160 kwa saa hivi hauizuii tena. Upo mtambo unaogeuza mapanga ya propela iliyokufa yakae kama kisu yakatize upepo. Tunaujaribu kabla ya kuruka, nao ndio unaokula zile dakika mnazotuonyesha saa ya mkononi.

Februari 2017 B200 ilianguka punde tu baada ya kuruka Essendon, Australia, na watu watano waliokuwemo wakafa. Wachunguzi hawakukuta hitilafu ya injini. Trimu ya usukani wa mkia, yaani kidhibiti cha kuusawazisha, ilikuwa imezungushwa hadi mwisho upande wa kushoto, kosa ambalo orodha ya ukaguzi ikisomwa kwa utulivu hulinasa.

Cheti cha ndege hii kinakubali rubani mmoja, na wateja hutuomba tumwache wa pili ili bei ishuke. Hatumwachi. Kila saa ya kuruka pia tunaweka akiba ya injini: kwenye saa 1,800 sehemu yake ya moto, pale mafuta yanapochomwa, hufunguliwa na kukaguliwa, kwenye 3,600 injini nzima hufumuliwa. Bei yetu imebeba hayo.

Tutumieni uzito wa kila abiria siku moja kabla, wa kweli, si wa miaka kumi iliyopita. Begi liwe laini, kilo 15. Sanduku gumu la magurudumu litabaki ofisini kwetu, bila malipo.