Jeshi la mazimwi lilikula nini njiani?

Mhariri,

Kila Jumamosi wajukuu wangu wawili hunisubiri nivae miwani niwasomee hadithi ya mfululizo katika gazeti lako. Wiki iliyopita mfalme wa mazimwi aliondoka na askari 20,000, akakata jangwa kwa siku 40, akafika na kupigana siku hiyohiyo. Mjukuu wangu mdogo akauliza, "Bibi, njiani walikula nini?" Nikarudia sehemu zote zilizotangulia, maana tunazitunza. Sikukuta hata gunia moja.

Nimekuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka 26. Wanafunzi 500 walimaliza magunia mawili na nusu ya unga kwa siku, mbali na maharage, na lori la kuni likichelewa asubuhi, shule nzima ilishinda njaa. Sasa tuseme zimwi linatosheka na kilo 2 za nyama. Kwa mazimwi 20,000 hizo ni tani 40. Ng'ombe wetu wa kienyeji akichunwa hutoa nyama ya kilo 100 hivi, kwa hiyo ni ng'ombe 400 kila siku, na kwa safari yote ni 16,000. Nani anawaswaga? Jangwani wananyweshwa wapi? Najua nitaambiwa mazimwi hula watu. Basi kijiji cha watu 300 hakiwafikishi hata jioni.

Wazee waliotutungia hadithi walilifikiria jambo hili. Lile zimwi la pwani lililomkamata binti aliyerudi ufukweni kufuata kombe lake halikumla. Lilimtia ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini. Likipiga ngoma, binti anaimba, wenyeji wanalipakulia wali na kuku. Wazee haohao ndio waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hilo lina hesabu, linajua kuna kesho.

Jeshi linalopita njia halina kesho na wewe. Mimi ni Mgogo, na bibi yangu alikuwa binti mdogo vita vya 1914 vilipotufikia. Wajerumani wakirudi nyuma walichukua ng'ombe na mtama. Waingereza walipoingia Dodoma Julai 1916, nao walitaka ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghalani hapakuwa na akiba. Njaa ile iliyoanza 1917 Wagogo tunaiita Mtunya. Bibi alikuwa akilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, na hadi anakufa hakuruhusu mtu amwage ukoko.

Wapagazi walihitajika kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, punda na maksai. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Akila kilo moja kwa siku, siku ya 25 amekula mzigo wote na hajamfikishia askari kitu; kama lazima arudi, mwisho wake ni siku ya 12. Kwa hiyo nyuma ya kila askari palihitajika watu wengi wa kubeba, na wengi wao walikufa, zaidi kwa maradhi kuliko risasi. Kuharisha kuliwamaliza, kwa sababu walipewa unga wa mahindi wasiouzoea na hawakupata nafasi ya kuuivisha. Nikiwa mpishi, hapo ndipo ninapoumia zaidi. Uji mbichi unaua. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, na watu wananunua nyanya pale kila siku bila kuwakumbuka.

Namwomba mwandishi wako asiifupishe vita, aiongeze. Aweke msafara wa mizigo nyuma ya mazimwi. Amweke mama anayesaga mtama ambao wanawe hawataula, na kijana anayehesabu siku kwa uzito wa mzigo kichwani. Jumamosi ijayo mjukuu wangu atauliza tena, nami ningependa nimsomee jibu.

Mpishi mstaafu,
Dodoma