Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Mtwara: Aliyezidiwa raundi naye ana haki yake njiani

Kwako Ndugu Afisa Michezo wa Mkoa,

YAH: LAWAMA ALIYOBEBESHWA KIJANA WA MWISHO KATIKA MBIO ZA PIKIPIKI

Salaam, na pole na majukumu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Magomeni, Mtwara mjini, mwaka wa 19 huu nashika spana. Ningeweza kuileta barua hii ofisini kwako kimyakimya. Nimeona niiandike mbele ya watu kwa sababu kijana ninayemtetea alilaumiwa mbele ya watu, tena kwa kipaza sauti.

Msimu wa korosho uliopita, malipo ya wakulima yalipoanza kutoka, yaliandaliwa mashindano ya pikipiki kwenye kiwanja cha mchanga nje ya mji. Waandaaji sitawataja. Watu walifurika, akina mama wakauza ming'oko na maji baridi, watoto wakapanda juu ya mikorosho. Pikipiki zilikuwa 14. Kumi na mbili ni hizi hizi zinazobeba abiria kila siku, zimevuliwa madigadi na viti vya nyuma. Mbili tu zilikuwa pikipiki za mchanga zenyewe, zenye shokapu ndefu na tairi za meno, zilizoletwa kutoka nje ya mkoa. Tofauti ya mwendo kati ya hizo mbili na zetu ilikuwa kubwa mno, na mtu yeyote anayejua injini angekwambia mapema kwamba kabla mbio hazijafika nusu wa mbele atakuwa ameshawakuta wa nyuma na kuwazidi raundi nzima.

Mimi nilijitolea kusimama kona ya tatu, penye mkorosho mkubwa. Nilikabidhiwa bendera moja, nyekundu. Nilipouliza ya buluu, ile ya kumwashiria wa nyuma apishe, nikajibiwa kwamba madereva wameshaambiwa wa nyuma wapishe, inatosha.

Raundi ya nane anayeongoza akamkuta wa mwisho kwenye kona yangu. Wa mwisho ni dereva wa bodaboda wa kijiwe kilicho karibu na gereji yangu, pikipiki yenyewe ni ya bosi na kila jioni anapeleka hesabu. Alisikia mlio nyuma yake. Hakuna aliyempa ishara yoyote, maana mwenye kumpa ishara nilikuwa mimi na sikuwa na kitu cha kumpungia. Akafanya alichofundishwa na watu wake tangu utotoni, kwamba mwenye haraka apishwe: akavuta kushoto ampe njia. Mwenzake alikuwa ameshachagua kupita kushoto hukohuko, kwa ndani ya kona. Tairi la mbele likaingia kwenye tairi la nyuma, wote wakaenda chini. Aliyekuwa anaongoza akavunjika mtulinga. Kijana wetu akachunika mkono kuanzia bega hadi kiganja.

Vumbi halijatua, kipaza sauti kikatangaza kwamba ameharibu mbio. Watu wakaanza kumrushia chupa. Jioni ile waandaaji wakaamua mambo mawili: asishiriki tena mashindano yao, na alipe matengenezo ya pikipiki ya mwenzake. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi niliyesimama hatua kumi kutoka pale. Mpaka leo analipa kidogo kidogo, juu ya hesabu ya bosi.

Ndugu Afisa, baba yangu marehemu alikuwa nahodha wa jahazi, akisafirisha mizigo kati ya Mikindani, Kilwa na Mafia. Hakuwa amesoma, ila sheria moja ya bahari aliijua vizuri, na nimekuja kuiona imeandikwa katika kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana. Ni kanuni ya 13: chombo kinachokipita kingine ndicho chenye wajibu wa kukaa mbali na kile kinachopitwa. Kanuni ya 17 inamaliza upande wa pili: yule mwingine ashike mwelekeo wake na mwendo wake. Ukifikiri utaona wameigawa kazi kwa akili sana. Wa nyuma ana macho, anaona yote yaliyo mbele yake, basi apewe kazi ya kuepuka. Wa mbele hana macho kisogoni, basi apewe kazi anayoiweza, ya kutomshtua mwenzake. Kijana wetu alijaribu kufanya kazi zote mbili peke yake, na kwa hilo akaadhibiwa.

Najua wapo watakaosema mbio za mashine si bahari. Ni kweli, na hapo ndipo bendera ya buluu inapoingia. Katika Formula 1, mbio kubwa za magari za dunia, dereva anayekaribia kuzidiwa raundi huonyeshwa bendera hiyo, na akishaonyeshwa ni lazima ampishe mwenzake mara tu anapopata nafasi, akiipuuza anaadhibiwa. Lakini angalia mpangilio wake. Wajibu wa kupisha unaanza bendera inapopungwa, na bendera inapungwa na mtu anayeziona gari zote mbili. Hakuna anayetegemewa kukisia mlio wa injini. Kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ambako gari za madaraja tofauti ya mwendo zinachanganyika katika njia ya zaidi ya kilomita 13, desturi inaelekea zaidi kwenye ile sheria ya baba yangu: mwenye gari ya kasi atafute mahali salama pa kupita, wa polepole ashike njia yake asiyumbe.

Tena kupisha kwenyewe ni ufundi. Tarehe 30 Agosti 1998, kwenye mbio za Formula 1 za Spa huko Ubelgiji, mvua ilikuwa inamwagika. Michael Schumacher alikuwa anaongoza na mbele yake yupo David Coulthard, anakaribia kuzidiwa raundi. Coulthard aliambiwa na timu yake ampishe, naye akatii. Akapunguza mwendo, ila akapunguza akiwa palepale kwenye njia ya mbio, katikati ya ukungu wa maji yanayorushwa na matairi. Schumacher hakumwona kwamba amepunguza. Akamvaa kwa nyuma, tairi moja likang'oka, akarudi akiendesha na matatu na akashuka kwenda kwa hasira hadi kwenye gereji ya Coulthard, watu wakamzuia. Waamuzi hawakumwadhibu Coulthard. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2003, mwenyewe alikiri kwamba kosa lilikuwa lake. Yule alikuwa dereva mkubwa duniani, ana redio sikioni na timu inayomwelekeza, na bado kupisha kulimshinda. Sisi tunamtaka kijana wa bodaboda aweze kupisha kwenye mchanga bila ishara yoyote.

Na anayeongoza naye huwa na haraka inayomponza. Mwaka 1988 huko Monza, Italia, Ayrton Senna alikuwa anaongoza zimebaki raundi mbili. Akamkuta Jean-Louis Schlesser, dereva aliyeazimwa siku ile kuziba nafasi ya Nigel Mansell aliyekuwa mgonjwa. Schlesser breki zikamzidi kwenye kona, akatoka upana, akawa anajirudisha njiani. Senna hakusubiri. Akageuka kama vile mwenzake hayupo, wakagongana, mbio zikaishia hapo kwake. Timu yake ya McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 mwaka ule, na hiyo moja iliyoikosa ni hiyo. Watu wengi walimlaumu Schlesser. Mimi nimeitazama picha ile mara nyingi na kila mara naona jambo hilohilo: sekunde mbili za subira zingetosha. Aliyeko mbele kwa raundi nzima hana anachopoteza kwa kusubiri kona moja ipite.

Sitaki kumpendelea wa nyuma kwa kila hali, kwa hiyo nitasema na la upande wa pili. Interlagos, Brazil, Novemba 2018, Max Verstappen alikuwa anaongoza. Esteban Ocon, aliyekuwa ameshazidiwa raundi, akiwa na matairi mapya alitaka kuirudisha raundi yake. Kanuni haimkatazi kufanya hivyo. Lakini alibishana na kinara kwenye kona kana kwamba wanagombea nafasi moja, wakagongana, Verstappen akazunguka na ushindi ukaenda kwa Lewis Hamilton. Ocon aliadhibiwa palepale, na ilikuwa haki. Verstappen baada ya mbio alimfuata akamsukuma kifuani, naye akapewa siku mbili za kutumikia jamii, na hiyo pia ilikuwa haki: kuonewa njiani hakumpi mtu ruhusa ya kumshika mwenzake. Ajabu ni kwamba kwenye uwanja huohuo, mwaka 2001, baba yake Verstappen, Jos, alikuwa ndiye aliyezidiwa raundi, akamgonga kwa nyuma Juan Pablo Montoya aliyekuwa anaongoza. Katika nyumba moja baba amekaa upande mmoja wa lawama na mwana upande wa pili.

Kinachonigusa katika visa hivi ni kwamba palikuwa na waamuzi wenye kanuni iliyoandikwa kabla ya mbio. Walikaa, wakatazama, wakasikiliza, ndipo wakasema nani kakosa. Mara wakaadhibu, mara wakaacha. Kwetu hukumu imetolewa na kipaza sauti.

Kuna moja zaidi ambalo nikiliwaza usingizi unaniruka. Tarehe 11 Juni 1955 huko Le Mans, Mike Hawthorn, aliyekuwa ametoka tu kumpita Lance Macklin aliyekuwa polepole, alipunguza mwendo ghafla mbele yake ili aingie kituo cha kujazia mafuta. Macklin akakwepa kwenda kushoto. Nyuma yake alikuwa anakuja Pierre Levegh kwa kasi kubwa, naye anataka kumpita Macklin huyohuyo. Gari ya Levegh ikapanda juu ya ile ya Macklin, ikaruka hadi kwenye tuta la watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80 pamoja na Levegh mwenyewe. Uchunguzi rasmi haukumtwika dereva yeyote mzigo ule. Ulisema njia yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati kwa mwendo wa gari za siku zile. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za kuzunguka uwanja na marufuku hiyo ikadumu miongo mingi. Ndugu Afisa, kwenye kona yangu siku ile watoto walikuwa wamekaa upande wa nje wa kona, chini ya mkorosho, pasipo kamba wala magunia ya mchanga. Pikipiki zile mbili zilipoanguka zilielekea ndani. Zingeelekea nje, leo barua hii ningekuwa nawaandikia wazazi.

Ombi langu kwako ni hili. Kabla mashindano yoyote ya pikipiki au baiskeli hayajaruhusiwa mkoani kwetu, waandaaji wakuletee kanuni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha, inayosema wazi: anayepita ndiye mwenye jukumu la kupita salama, anayepitwa ashike mstari wake na asifunge breki ghafla, akipungiwa bendera ya buluu apishe mahali paliponyooka, kwa upande uliotajwa asubuhi, usiobadilika siku nzima. Asomewe kila mshiriki kabla hajawasha injini. Kila kona iwe na mtu aliyefundishwa, na watazamaji wakae upande wa ndani au nyuma ya kizuizi. Na ikitokea ajali, aliyesimama kwenye kona aulizwe kwanza.

Wengine wananiambia dawa ni kumtoa uwanjani yeyote anayezidiwa raundi. Zipo mbio za baiskeli za mzunguko mfupi zinazofanya hivyo, na kama imetangazwa mapema siipingi. Ila hapa kwetu naihofia. Mwenye pikipiki ya milioni kadhaa atabaki anazunguka peke yake, na vijana wa Mtwara waliokuja na pikipiki za kazi watakuwa wamesimama pembeni wakimpigia makofi mgeni. Kijana wa mwisho alikuwa anajifunza. Raundi ya kwanza kona ile aliiogopa, raundi ya sita alikuwa anaikata vizuri. Nilimwona.

Kuhusu yeye mwenyewe, naomba uwaite waandaaji na madereva wote wawili, uniite na mimi, tukae chini. Aliyevunjika mtulinga simchukii, alipata maumivu makali na pikipiki yake nimeitengeneza mimi mwenyewe kwa bei ya vipuri tu. Nilipoongea naye gerejini alisema hata yeye hakuambiwa apite upande gani. Maneno hayo yuko tayari kuyarudia mbele yako. Kama itaonekana kijana wetu alikosa, akubali. Kama sivyo, kifungo kiondolewe, na fedha alizokwisha kulipa arudishiwe.

Nimemlipa fundi cherehani wa jirani akanishonea bendera sita za buluu, zina mipini ya mianzi, zimetundikwa ukutani hapa gerejini. Ukimtuma mtu azifuate, au ukiniita nizilete, niko tayari siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako katika michezo,
Fundi pikipiki na mshika bendera wa kona ya tatu,
Magomeni, Mtwara